Mapatano ya Wauza Nguo

Nguo ni sitara ya mwili na pambo lake. Mnyama huzaliwa na vazi lake. Mwanadamu huzaliwa uchi, na tangu siku ile ya kwanza hutegemea kazi ya mikono ya wengine: aliyelima pamba, aliyesokota uzi, aliyefuma jora, aliyekata, aliyeshona, na aliyeuza. Katika mlolongo huo muuzaji ni wa mwisho, lakini ndiye mwenye nguvu kuliko wote, kwa kuwa yeye ndiye ashikaye fedha ya mnunuzi. Akitaka shati la bei rahisi, kiwanda hulishona kwa bei hiyo. Akitaka mashati elfu kwa wiki mbili, mafundi hukesha. Basi wauzaji wakubwa wa dunia wanapokutana na kutangaza kwamba wamepatana kuuza nguo bila ya kuharibu ardhi, maji na hewa, neno lao lastahili kusikilizwa. Na kwa sababu iyo hiyo lastahili kupimwa.

Yamkini msomaji utauliza jambo hilo latuhusu nini sisi tukaao Miasenyi, mahali padogo penye vumbi jekundu baina ya Voi na Mackinnon Road, ambapo wasafiri wengi hupapita pasipo kugeuza shingo. Latuhusu sana. Nguo imepita njia hii tangu zamani. Misafara iliyotoka Mombasa, baada ya kuvuka nyika kavu ya Taru, ilitafuta maji katika kilima cha Maungu, na mizigo ya wapagazi ilikuwa pamoja na majora ya kaniki na marekani. Na jina hilo la marekani lilibaki katika lugha yetu kwa kuwa kitambaa chenyewe kililetwa na merikebu za Wamarekani waliofanya biashara Unguja. Leo wapagazi hawapo, lakini mzigo ungalipo. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka wa 2017 ina stesheni yake hapa Miasenyi, na makasha yatokayo bandarini hupita mbele yetu mchana na usiku. Ndani ya mengine mna marobota ya mitumba. Robota laenda Nairobi, lafunguliwa Gikomba, nguo zachaguliwa. Kisha baadhi ya nguo zizo hizo hurudi zikiteremka kwa basi hadi soko la Voi, zimekwisha kutupita mara moja na sasa zaja kuuzwa kwetu.

Wala si mitumba tu. Upande wa kusini wa barabara yetu, karibu na Maungu, ipo hifadhi ya Rukinga, ambamo tembo hupita baina ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Mwaka wa 1997 mtu mmoja, Mike Korchinsky, alianzisha kampuni iitwayo Wildlife Works kwa wazo ambalo lilionekana kama mzaha: kwamba fulana yaweza kumlinda tembo. Hoja yake ilikuwa hii. Mtu wa Kasigau hakati mti kwa kuuchukia, wala hategi mtego kwa kumwonea digidigi uadui. Akata na kutega kwa sababu mvua haikunya, mahindi yamekauka, na watoto wataka chakula na karo. Mpe kazi ya mshahara, naye ataliacha shoka. Basi kikajengwa kiwanda cha kushona nguo ndani ya hifadhi, na fulana zikauzwa ng'ambo. Baadaye kampuni ya viatu na nguo za michezo ya Ujerumani, Puma, ilishonesha fulana hapa. Tena ikaja karakana ya SOKO Kenya, iliyoanzishwa Ukunda mwaka wa 2009 na Joanna Maiden, ikahamia Rukinga. Nayo kwa miaka kadhaa ilimshonea muuzaji mkubwa wa Uingereza, ASOS, nguo zilizouzwa kwa jina la Kenya. Wasichana na wavulana wa vijiji vya nyika, ambao hawakupata kukanyaga kanyagio la cherehani ya umeme, walifundishwa kushona mshono ambao mnunuzi wa London hawezi kuutia kasoro.

Nasema wazi kwamba jambo hili ni jema. Mtu aliyezoea kudharau kila kitokacho kwa wafanyabiashara asitazame mbali, aende Maungu. Kuna nyumba za mabati zilizosimama kwa fedha ya cherehani, na kuna watoto waliomaliza kidato cha nne kwa fedha hiyo. Ila mhakiki hana budi kuuliza swali la pili: wema huu umefungwa kwa kamba gani? Nikitazama naona kamba yenyewe ni hiari ya mnunuzi. Muuzaji wa Ulaya huagiza nguo kwa msimu. Msimu huu apenda maua, msimu ujao apenda mistari. Mwaka huu biashara yake imenawiri, mwakani hesabu zake zimepinda. Agizo likija, cherehani zalia. Agizo lisipokuja, zanyamaza, na hakuna mkataba uwezao kumlazimisha aagize tena. Kitambaa chenyewe hakifumwi hapa, kwa hiyo hata fundi akiwa hodari namna gani hana jora la kushona siku mwagizaji anapokaa kimya. Mtu aliyeacha shoka kwa ajili ya mshahara, mshahara ukikatika, shoka analijua liliko.

Tena ipo sehemu ya pili ya mpango wa Kasigau, nayo ni kubwa kuliko ushonaji: kuuza ng'ambo vyeti vya kaboni iliyohifadhiwa na msitu usiokatwa. Mwaka wa 2011 mradi huu ulikuwa wa kwanza duniani wa namna yake kukubaliwa chini ya kanuni za vyeti hivyo ambazo leo husimamiwa na shirika liitwalo Verra, na kampuni zenye majina makubwa katika biashara ya mavazi ziliusifu na kuununulia vyeti. Novemba 2023 shirika la utafiti la Uholanzi, SOMO, pamoja na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo ni shirika la kiraia, walitoa ripoti iliyodai kwamba wanawake wa mradi huo walidhulumiwa kijinsia na baadhi ya wanaume wenye vyeo kazini. Kampuni ilifanya uchunguzi, na baadhi ya watumishi wakasimamishwa kazi. Silitaji jambo hili ili kuuangusha mradi wote, wala kuwatia waliotenda haki katika fungu la waliodhulumu. Nalitaja kwa kuwa cheti kilihesabu miti kwa uangalifu mkubwa, kikahesabu na moshi uliozuiwa, lakini sauti ya mwanamke hapa hapa kazini haikuwa na safu katika daftari lake.

Sasa tuyatazame mapatano makubwa, yale yatangazwayo katika magazeti ya dunia. Lililo maarufu kuliko yote lilianza kwa barua mwaka wa 2009, pale Walmart, duka kubwa la Marekani liuzalo kila kitu, na Patagonia, kampuni ya nguo za wapanda milima, walipowaalika washindani wao waketi pamoja. Ukazaliwa muungano ulioitwa Sustainable Apparel Coalition, ambao mwaka wa 2024 ulibadili jina ukawa Cascale. Kazi yao iliyojulikana zaidi ni kipimo kiitwacho Higg, cha kutambua kitambaa kipi hudhuru dunia zaidi na kipi hudhuru kidogo. Mawazo ya namna hiyo si mabaya. Bila ya kipimo kimoja kila duka hujisifu kwa kipimo chake, na mnunuzi hana njia ya kulinganisha. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mara kipimo kilipotoka katika meza ya wataalamu kikashonwa katika lebo ya nguo, kiligeuka kuwa tangazo la biashara. Mwaka wa 2022 mamlaka ya kuwalinda wanunuzi ya Norway iliamua kwamba kutumia takwimu za Higg kuinadi nguo, kama ilivyofanya kampuni moja ya huko, ni kumpotosha mnunuzi, maana takwimu zilikuwa za wastani wa kitambaa kwa jumla, wala hazikuwa za nguo ile aliyoshika mkononi. Muungano ukalazimika kuusimamisha mpango wake wa lebo.

Nami naona kosa lilikuwa kubwa kuliko lile la wastani. Tazama, msomaji, jinsi swali lenyewe lilivyoulizwa. Waliuliza: shati moja limedhuru kiasi gani? Hawakuuliza: mashati ni mangapi? Nyuzi zote zilizotengenezwa duniani mwaka wa 2000, za pamba na sufu na za viwandani, zilikuwa kadiri ya tani milioni 58. Mwaka wa 2023, kwa hesabu ya shirika la Textile Exchange, zilifika tani milioni 124, na katika hizo asilimia 57 zilikuwa poliesta, ambayo hutengenezwa kwa mafuta ya petroli. Watu hawakuzidi maradufu katika miaka hiyo, wala miili yao haikuongezeka mikono. Nguo ndizo zilizozidi. Hata kila shati lingepunguziwa robo ya madhara yake, mashati yakiwa mawili badala ya moja madhara yameongezeka. Hili ni hesabu ya darasa la tano, na wakubwa wale wana wahasibu wengi. Sidhani kwamba hawakuiona. Sijapata kuona mapatano ya wauzaji ambamo muuzaji ameahidi kuuza kidogo.

Je, basi, wauzaji hawawezi kupatana kwa jambo lenye manufaa ya kweli? Waweza, na mfano upo, japo umenunuliwa kwa damu. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la ghorofa nane liitwalo Rana Plaza, karibu na Dhaka katika Bangladesh, liliporomoka. Siku moja kabla yake nyufa kubwa zilionekana katika kuta. Benki na maduka yaliyokuwa chini yalifungwa, lakini mafundi wa viwanda vya nguo vilivyokuwa juu waliamriwa warejee kazini asubuhi, kwa kuwa maagizo ya Ulaya na Marekani yalikuwa na tarehe zake. Watu zaidi ya 1,100 walikufa, na wengine wapata 2,500 wakajeruhiwa. Wengi wao wanawake vijana, wa umri wa dada zenu. Waokoaji walipofukua kifusi waliokota lebo za maduka ambayo majina yake yajulikana kila mahali.

Mwezi uliofuata wauzaji na vyama vya wafanyakazi walitia sahihi mapatano yaitwayo Accord, na zaidi ya kampuni 200 zikaingia. Msomaji upime tofauti yake na mapatano ya lebo. Hapa aliyetia sahihi alifungwa na sheria. Wakaguzi hawakuwa watumishi wa kiwanda wala wa duka, na waliyoyaona katika kila kiwanda yalitangazwa kwa watu wote. Kiwanda kilichokataa kurekebisha milango, nguzo na nyaya kilipoteza biashara ya maduka yote kwa mara moja, si ya duka moja. Na duka nalo lilikuwa na wajibu wa kuhakikisha kwamba fedha za matengenezo zinapatikana. Aliyevunja ahadi aliweza kushtakiwa na wafanyakazi wenyewe. Halikuwa tishio la maneno matupu: vyama vya wafanyakazi viliwapeleka wauzaji wawili mbele ya waamuzi wa The Hague, na mmoja wao, mwaka wa 2018, akakubali kutoa dola milioni 2.3 ili kesi imalizike. Mwaka wa 2021 mapatano hayo yalifanywa ya kimataifa, kisha yakaingia Pakistan.

Sidai kwamba Accord imemaliza mateso ya mshonaji wa Bangladesh. Mshahara wake haukuguswa na mapatano hayo, wala bei ambayo duka hulipa kwa fulana moja. Upungufu huo ulionekana mwaka wa 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga maduka ya Ulaya. Wauzaji wengi walifuta maagizo ambayo kitambaa chake kilikuwa kimekwisha kununuliwa, kukatwa, na pengine kushonwa. Wenye viwanda wa Bangladesh walikisia kwamba nchi yao ilipoteza maagizo ya kadiri ya dola bilioni 3 katika majuma machache. Baadhi ya maduka yalirudi yakalipa baada ya kuaibishwa hadharani. Ukuta wa kiwanda ulikuwa imara, lakini aliyekaa ndani yake hakuwa na la kupika.

Turudi kwetu. Katika mikutano yote hiyo, neno muuzaji lina maana ya mtu wa ghorofa ya juu mwenye maduka mia katika nchi ishirini. Mama aketiye sokoni Voi na nguo zake juu ya turubai hahesabiwi kuwa muuzaji, ingawa ndiye muuzaji wa mwisho wa lile lile shati. Yeye pia hupatana na wenzake. Robota moja ni fedha nyingi kwa mtu mmoja, basi wachuuzi huchanga, hulinunua pamoja, na kugawana. Hulifungua kwa wasiwasi kama mtu afunguaye barua ya matokeo ya mtihani, kwa sababu hakuna aruhusiwaye kutazama ndani kabla ya kulipa. Nguo za juu kabisa, zile ziitwazo kamera, huchukuliwa kwanza, zifuatazo hupangwa, na zile za mwisho, zilizochakaa au kutiwa madoa, huitwa fagia, na jina laonyesha mahali zinapokwenda. Robota likiwa na fagia nyingi, hasara ni ya mama. Aliyelifunga huko Ulaya hapelekewi chochote.

Wapo wanaomlaumu mama huyu kwamba ameua viwanda vyetu. Ni kweli kwamba tangu biashara ilipofunguliwa miaka ya 1990 viwanda kama Kicomi cha Kisumu vilikufa, na mitumba ilikuwa sababu mojawapo. Lakini kumlaumu mchuuzi ni kumpiga mtoto kwa kosa la baba. Mwaka wa 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba kidogo kidogo mpaka mwaka wa 2019. Chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kikapeleka mashtaka kwa serikali yao. Kenya, ikiogopa kupoteza nafasi ya kuuza nguo mpya Marekani bila ushuru, ikajitoa katika azimio hilo mwaka wa 2017. Rwanda ilishikilia neno lake, na mwaka wa 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafasi hiyo. Msomaji utaona kwamba nao wale wa nguo kuukuu hujua kupatana, na mapatano yao hayakuhitaji lebo.

Wala sikubali hoja ya upande wa pili, isemayo kwamba kwa kuwa nguo ya mtumba huvaliwa mara ya pili basi biashara yote ni rehema kwa dunia. Shati la pamba livaliwalo tena ni rehema. Koti la sufu ligeuzwalo na fundi ni rehema. Bali suruali ya poliesta iliyofika imechanika, ikaishia katika jaa la Dandora au katika Mto Nairobi, hiyo ni taka iliyolipiwa nauli na mtu maskini.

Ufaransa iliona jambo hili mapema. Kwa sheria iliyotungwa mwaka wa 2007, kila auzaye nguo mpya huko hutoa senti chache kwa kila nguo, na fedha hiyo hukusanywa na shirika la wauzaji wenyewe, liitwalo leo Refashion, ili ilipie kukusanya na kuchambua nguo zilizotupwa. Tangu mwishoni mwa mwaka wa 2023 hulipia pia sehemu ya gharama ya kutengenezesha: Mfaransa apelekaye koti lake kwa fundi hupunguziwa bei, kuanzia Yuro 6 hadi 25 kwa kadiri ya kazi. Haya ni mapatano ninayoyasifu, kwa kuwa ni ya sheria na yana fedha ndani yake. Lakini tazama mpaka wake. Koti lile lile, likikataliwa na mwenyewe, likafungwa katika robota, likashuka Mombasa, likatupita Miasenyi kwa treni, likarudi Voi kwa basi, na hatimaye likafika kwa fundi mwenye cherehani ya mguu barazani pa duka, alikate mikono na kulitia zipu mpya, senti zile hazikulifuata. Zilibaki Ufaransa. Fundi wa Voi hufanya kazi ile ile ambayo fundi wa Paris huongezewa fedha kwa kuifanya.

Mwaka wa 2025 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kwamba kila nchi mwanachama iwe na utaratibu wa namna hiyo, nazo zimepewa muda mpaka Aprili 2028 kuukamilisha. Wachuuzi wa soko la Kantamanto la Accra walikwisha kupeleka wajumbe wao Brussels mwaka wa 2023 kudai kwamba fedha ya nguo ifuate nguo mpaka inapofikia. Hapa kwetu upo muungano wa wafanyabiashara wa mitumba, wenye ofisi Nairobi na wenye sauti kila serikali inapotaka kupandisha ushuru bandarini. Ushuru wa bandarini ni haki yao kuupigania. Lakini dai la Kantamanto ni kubwa zaidi, na miaka iliyobaki ni michache. Tena mama wa Voi aliyefungua robota akakuta nusu yake ni fagia anao ushahidi ambao hakuna mtaalamu wa Brussels aliye nao, endapo atauandika, kwa idadi na kwa tarehe, kabla ya kuufagia.